Kitufe Kimoja Cheusi

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi cherehani mchana, na jioni nikipiga kodiani katika kikundi chetu cha taarabu pale Tanga. Nilibonyeza vitufe vyeupe tu. Vile vyeusi nilidhani vimewekwa urembo, na kwa kuwa watu walinishangilia, sikujishusha kumwuliza mtu.

Dada yangu ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu. Aliugua kifua karibu mwaka mzima, akarudi na sauti nzito, tamu kuliko ile ya kwanza, ila nyimbo zikamshinda zikipanda juu. Mkubwa wa kikundi akasema kwenye harusi ya mwezi ujao ataimba msichana kutoka Pangani, eti dada haendani tena na kodiani. Iliniuma sana, maana mpiga kodiani mwenyewe nilikuwa mimi.

Nikajaribu kumshushia wimbo. Badala ya kuanzia kitufe cha noti ya do, nikaanzia cha sol, ile ya chini yake. Tulikwenda vizuri, lakini karibu na kilele kodiani ikatoa sauti iliyomfanya dada akunje uso.

Nilikuwa na mteja kule Pongwe, karani wa shamba la mkonge, Mlutheri kutoka Usambara, aliyepiga kinanda kanisani kwao. Nikamwendea kwa baiskeli. Alinifunulia kitabu chake cha noti, akanionyesha alama moja kama kijiwavu mwanzoni mwa kila mstari. Akaeleza kwamba wimbo haumo kwenye vitufe, umo kwenye hatua za kutoka kimoja hadi kingine: nzima mbili, nusu, kisha nzima tatu, na nusu ya kumalizia. Ukianzia sol kwa vyeupe vitupu, hatua ya sita inapungua. Ile alama inaamuru kila fa ipandishwe nusu hatua, wimbo mzima, yaani ubonyeze cheusi.

"Kwani wewe," akaniuliza, "mtu mnene na mwembamba unawakatia shati kwa kipimo kimoja?"

Nilielewa papo hapo, na nilirudi mjini nimevimba kichwa.

Siku ya harusi nilimwomba mkubwa wa kikundi amwachie dada japo wimbo mmoja, nikaanzia sol. Fa ilipofika nikabonyeza cheusi, na dada akapanda mpaka kileleni bila kukwama. Vigelegele vilimfunika. Sijapata kujivunia kitu kama nilivyojivunia sauti ile na kidole changu kile kimoja. Msichana wa Pangani aliitikia kiitikio pamoja nasi.

Mkubwa wa kikundi akaja kuuliza kama nimenunua kodiani nyingine.

"Ni ile ile, kaka," dada akamjibu. "Ilikuwa ikimngoja anayejua kuipiga."

Sikuudhika. Wimbo uliofuata nao nikauanzia sol.