Kupanda Muhabura na Mkwe Wangu

Shule niliiacha darasa la pili. Nimebeba chumvi ya Katwe kichwani, nikajenga nyumba za kupangisha pale Bwera, na hakuna mpangaji aliyewahi kuniuliza cheti. Kwa hiyo binti yangu aliyeolewa Kisoro aliponiambia kwamba mlima Muhabura ni wa vijana na wazungu, nilimjibu, "Nitafutie viatu." Kabla ya kusafiri nikawatangazia wanawake wote wa sokoni kwamba nitafika juu kabisa, ninywe maji ya lile ziwa lililo kwenye mdomo wa volkano. Mimi nikishatangaza sirudi nusu njia.

Tulianza asubuhi: mimi, binti yangu, mume wake, wazungu wawili, mpagazi, na askari wa hifadhi mwenye bunduki ambaye sote tulimwita afande. Mlima haukunitisha. Kilichonisumbua ni mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawali mmoja akimwona mwenzake. Maneno yetu hupitia kwa binti yangu. Hiyo ni heshima, na sikuona sababu ya kuiacha nyumbani.

Kwenye kibanda cha kwanza cha kupumzikia binti yangu akakaa, akavua viatu. Visigino vilikuwa malengelenge matupu.

"Mama, mimi nimeishia hapa. Nitawangoja na mpagazi."

Basi mjumbe wetu akabaki kibandani, ambako afande alisema nyati hawafiki. Tukaendelea, mkwe mbele yangu, anatembea kama anafukuzwa.

"Afande," nikasema, "mwambie huyo mkwe wangu apunguze mwendo."

Afande akageuka. "Mama, si iko hapo mbele yako? Anasikia."

"Mwambie."

"Bwana, mama anasema upunguze."

"Mwambie mama nimesikia," mkwe akajibu, macho kwenye nyasi.

"Mimi nililetwa huku kulinda watu dhidi ya nyati," afande akasema. "Sasa mumenifanya simu."

Karibu na kilele tukafika kwenye jiwe lililonipita urefu, limelowa ukungu. Afande alikuwa ameshatuonya: atakayeshindwa hapo atarudi, na wote watarudi naye, maana bunduki ni moja. Wazungu wakapita, afande akapita, mkwe akapita. Mimi mguu mmoja ulipata pa kukanyaga, wa pili ukakosa. Mkwe aliinama, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka kama aliyegusa jiko. Nilimheshimu kwa kuurudisha. Lakini nilikuwa bado chini, na afande anatazama saa.

"Mama, turudi?"

"Nani arudi?"

Nikafungua kitenge nilichojifunga juu ya suruali niliyoazimwa na binti yangu. Nikakisokota kama kamba ya gunia, nikamrushia mkwe ncha moja. Hakuhitaji kuambiwa. Alikizungusha kwenye kiganja, akageuza uso pembeni, akavuta. Kijana ana nguvu, hilo nalisema wazi. Nililipanda lile jiwe kwa magoti na tumbo. Halikuwa jambo la kupiga picha, lakini nililipanda.

Kisha tukafika. Ziwa ni dogo, nyasi zimelizunguka, na maji yake ni baridi ya kuuma meno. Nilidhani yatakuwa na chumvi, kwa sababu ziwa la Katwe nalo limo kwenye shimo la volkano. Hayana hata kidogo. Nilikunywa viganja vitatu, nikanawa uso, nikakaa kwenye jiwe nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote mlimani.

Wazungu walikuwa wanakula. Afande anakula. Mkwe wangu amekaa mbali kidogo, mfuko wa mayai na viazi uko juu ya mapaja, haujafunguliwa, na anatazama vidole vyake. Alikuwa amepanda mlima mzima, na kunivuta kwenye lile jiwe, na tumbo tupu. Nikageuka, nikampa mgongo, uso kuelekea milima ya Kongo.

"Afande, mwambie ale. Mimi naangalia Kongo."

Mdomo wa afande ulikuwa umejaa. Lakini nyuma yangu nikasikia ganda la yai likivunjwa, kisha la pili. Na mimi nikafungua chakula changu.