Nilipoufuta Ukuta Raundi ya Saba

Mwaka huo kazi yangu Dubai ilikuwa kukaa ndani ya ukuta. Sitanii. Bosi wangu, Mmarekani mmoja mwenye tumbo na huruma, alikuwa na kiwanja cha besiboli nje ya mji, na upande wa mbali alijenga ukuta wa kijani wa urefu wa ghorofa mbili. Aliiga ule ukuta maarufu wa kwao, aliokuwa akiutazama tangu utoto. Hakutaka skrini ya kuonyesha alama. Alitaka namba za bati zipachikwe kwa mkono, kutoka ndani, kama kwao.

Basi mpachikaji ni mimi, mwanamke wa Mombasa nisiyejua hata ule mpira hupigwa kwa nini. Kila zamu ya timu ikiisha bosi, ambaye mimi namwita sir, ananipigia simu kutoka jukwaani: "Wageni, sifuri." Napachika sifuri. Raundi tisa, mistari miwili, basi. Ijumaa hiyo miezi yangu mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha. Jioni sir ataamua: mkataba, au tiketi ya kurudi. Na nyumbani nilishatangaza kwamba nimepata kazi!

Mchezo ukaenda vizuri. Raundi ya saba ikafika katikati, namba kumi na tatu ziko ukutani, mara nachungulia kwenye tundu naona watu wote wamesimama, wanaimba, wanayumba. Nikasema alhamdulillah, khalas, wanaaga. Nikaanza kuteremsha bati mbio mbio nipate kuwahi basi la kurudi Naif, mtaa ninakolala. Wimbo ukaisha. Watu wakakaa. Kumbe ni desturi ya mchezo huo, katikati ya raundi ya saba watu husimama kunyoosha miguu na kuimba, na sasa wote wanautazama ukuta mtupu.

Lo! Na mimi ni mtoto wa maulidi! Kila mwaka twasimama katikati ya kusoma, twarushiwa marashi, twakaa tena, na hakuna mjinga anayebeba sinia kwa sababu watu wamesimama. Mungu anisamehe kwa mfano huu, lakini nilijitukana papo hapo kwa lugha zote ninazozijua.

Simu ikalia. Sir. Nikaiacha ilie, maana nilijua atakachosema. Nikarudisha bati moja moja, ya mwisho kutoka ikiwa ya kwanza kurudi. Zikabaki mbili, ambazo zilikuwa zimeanguka mchangani: sifuri na mbili, zote za wenyeji. Ile mbili ni ya raundi ya tatu au ya nne? Jumla haibadiliki. Ningeweza kubahatisha, nani angejua? Lakini roho ilikataa, wallahi ilikataa. Nikafungua kimlango cha ukutani, nikatoka na buibui langu kwenye nyasi, mbele ya kiwanja kizima, nikamwendea mchezaji wa wageni aliyekuwa karibu.

"Samahani kaka, wenyeji walipata mbili zao raundi ya ngapi?"

Alinitazama, akacheka mpaka kofia ikamtoka, kisha akainua vidole vinne. Jukwaa zima likapiga makofi. Nikarudi ndani nikapachika huku nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Mchezo ulipoisha kweli, sir akaja nyuma ya ukuta. Mimi nimeshafunga mkoba wangu.

"Sir, najua. Naondoka."

"Uende wapi?" akasema. "Aliyekuwa hapa kabla yako akisahau alikuwa anapachika namba yoyote. Msimu mzima watu waligombana. Wewe umetoka ukauliza." Akaweka karatasi juu ya kreti. "Yalla, tia sahihi. Na simu yangu uwe unapokea."

Nikatia sahihi nikilia, tena kwa sauti, bila aibu. Halafu nikampigia mama. "Mama, nimepata mkataba!" Akapiga kigelegele, na nyuma yake nikamsikia jirani akiingia mbio kuuliza nani anaolewa.