Nepi nyeupe na maji ya kisima

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa huku juu Newala, mtoto mchanga alitakiwa akojoe kwa kufuata mvua. Ikinyesha, kojoa utakavyo. Ikikata, jifunze adabu. Nawaandikia wenzangu wa rika langu, maana vijana nikiwaambia wanadhani natunga. Na mimi mwenyewe, niliyeishia darasa la saba, siku nyingine najiuliza kama kumbukumbu hazijaongezwa chumvi humu kichwani.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu ya binti yangu, Mama Nasra, anayeishi Masasi mjini. Wana kikundi chao cha akina mama kwenye simu, wanaulizana namna ya kubana matumizi ya pampasi. Mmoja anashauri kununua mfuko mkubwa, mwingine anashauri mtoto avae usiku tu, na wa tatu anauliza kama pampasi ikianikwa juani inaweza kurudiwa. Huyo wa tatu nilimpenda, ana moyo wa kizamani. Mama Nasra akaniambia, mama, waeleze nyinyi mliwezaje bila hela. Niliona aibu kidogo kumjibu kwamba kubana matumizi ya nepi nusura kutumalizie maji ya kunywa.

Kwetu Makote nyumba ilikuwa na bati, chini ya bati mfereji, na mfereji ulimwaga kwenye kisima cha saruji uani. Mvua iliyoingia humo ndiyo iliyokuwa maji yetu ya mwaka. Yakiisha kabla ya mvua nyingine, ni kuteremka bondeni na ndoo na kupanda nayo kichwani, asubuhi nzima imekwenda, na korosho zinakusubiri chini ya miti. Kwa hiyo mama alikuwa na akili zake za ulezi. Nepi ilikuwa kipande cha kanga iliyolainika kwa uzee, lakini nepi hasa ilikuwa miguu yake. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akamkalisha mtoto juu ya vifundo, akampigia mluzi mdogo, na mtoto akamaliza shida zake kwenye mchanga uliotandazwa. Mchanga ukazolewa, ukatupwa migombani. Hapakufuliwa kitu. Mpaka leo nikisikia harufu ya korosho zikichomwa, na ule moshi wake unaowasha macho, nausikia na mluzi wa mama.

Mdogo wangu Yusufu alizaliwa korosho zikidondoka. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, akapanda kutoka Ndanda kuja kumtunza mama hadi arobaini. Ndanda iko chini, maji yanapita yenyewe, watu wa huko wanayaona kama tunavyoona sisi upepo. Shangazi alileta zawadi: nepi nyeupe za kitambaa kizito, pamoja na pini zake. Hesabu yake hakuikosea: unanunua mara moja, unavalisha watoto wote, kanga zako zinapumzika. Nepi nyeupe, alikuwa akisema, ndiyo heshima ya mzazi.

Basi heshima ikaanza kufuliwa. Kuloweka, kufua, kuchemsha, kusuuza, kusuuza tena mpaka maji ya mwisho yawe ya kunyweka, kisha yanamwagwa. Kamba ya uani ilipendeza hadi wapita njia wakauliza kama tumefungua zahanati. Yusufu naye, kama anayejua nepi zipo, alikojoa kitajiri.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyesema. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mwanamke aliye kwenye arobaini ya uzazi hana amri jikoni. Anayetunzwa hachagui sahani. Tena huyu ni wifi, tena mkubwa, tena amekuja kwa mapenzi. Baba angeweza kusema, lakini dada yake huyo ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Alichoweza ni kutoka kila jioni, kufunua kisima, kuchungulia, kufunika, na kukohoa. Nyumba nzima tuliyaangalia maji yakiisha kwa adabu, na mawingu hata ya kudanganyia hayakuwepo.

Siku moja nikashusha ndoo, nikasikia inakwaruza saruji. Mama alisikia kutoka chumbani. Sasa, kwetu neno zito halirushwi usoni, linapitishwa kwa mtoto. Mlango ukiwa wazi, nikamsikia anambembeleza Yusufu:

"Kojoa polepole, baba. Shangazi yako anapenda uwe safi, ila kisima chetu hakijapata wa kukinyonyesha."

Shangazi akaacha kusuuza. Nilidhani anakwenda kufunga mzigo wake. Akafuta mikono, akasogea mlangoni, naye akazungumza na Yusufu:

"Mwambie mama yako mdomo si kisima, haukauki ukitumika. Angesema siku ile ile."

Nimefikiri miaka mingi nani alikuwa na kosa, na sijafika. Nikimpa shangazi, nakumbuka hakuwahi kuona kisima kikifika mwisho. Nikimpa mama, nakumbuka wifi mkubwa haambiwi kirahisi kwamba zawadi yake inakunywea maji. Labda mwenye akili zaidi yangu angeamua.

Asubuhi yake shangazi alifunga nepi chafu kwenye kanga, akajitwika, akashika ndoo, akanitaka nimwonyeshe njia ya bondeni. Kuteremka aliongea. Kupanda alihema tu. Katikati ya mlima akatua ndoo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi ni kila siku?"

"Kila siku ambayo mvua haijaja, shangazi."

Akaitazama ndoo, iliyokuwa imeshapungua kwa kumwagika, kama mtu aliyekabidhiwa mshahara pungufu. Tulipofika nyumbani nepi alizozifua bondeni zilikuwa zimenyonya vumbi jekundu la njia, na hakuna aliyezichemsha. Mpaka mvua iliponyesha tulikwenda kila asubuhi, yeye mbele. Mchana alikaa mkekani, akanyoosha miguu, Yusufu juu yake, akipiga mluzi uliovuja kidogo kwa sababu ya pengo. Arobaini ilipita na hakuondoka. Alisema hawezi kumwachia wifi yake kisima kitupu na mtoto mdogo. Na nepi zake, lazima niseme, zilivalisha wadogo zangu wote waliofuata. Hesabu ilikuwa sahihi, ilisahau maji tu.

Leo pampasi zinauzwa moja moja kila duka, na mtoto anafika umri wa kuimba huku makalio yamefungwa kama kifurushi cha posta. Mluzi wa mama haujui, anajua mlio wa simu yake. Lakini nisimwonee mtu. Mama Nasra anauza duka la watu kutwa nzima, chumba amepanga, na bomba la uani wanalipangia foleni wapangaji wote. Nikimwambia anyooshe miguu, atainyoosha saa ngapi?

Aliponipigia tena nikamwambia ukweli wangu wote: siri yetu ya kubana matumizi ilikuwa shangazi. Akacheka. Akasema hata yeye wifi yake alimkumbuka alipojifungua, alimtumia mfuko mkubwa wa pampasi kwa basi kutoka Dar es Salaam, na nauli ya mzigo akailipa mwenyewe.

"Tena huyu wangu, mama, hakunimalizia maji."

Ni kweli, na wifi huyo namshukuru, zawadi ni zawadi. Hakumaliza maji ya mtu, hakubeba ndoo ya mtu. Mtoto sasa anatambaa, na shangazi yake anamjua kwenye kioo cha simu.