Nyongeza Huombwa Mwisho

Mama yangu hajawahi kununua wala kuuza kitu bila nyongeza. Miaka yote aliyouza mihogo na mananasi sokoni Kisarawe, mteja akishalipia fungu aliongezewa muhogo mmoja juu, na mama akiwa mnunuzi alisimama pale pale mpaka naye aongezewe. Lakini jambo hilo lina utaratibu wake. Nyongeza huombwa mwisho, bei ikishakubaliwa na mzigo ukishaingia kapuni. Ukiitaja mapema, alitufundisha, muuzaji ataiingiza kwenye bei na utakuwa umeinunua mwenyewe. Na kile unachokitaka kuliko vyote, usikitazame mara mbili.

Mimi sikurithi subira hiyo. Nafundisha sekondari Mlandizi, na nimezoea kusema ninachotaka kwa sauti inayofika dawati la mwisho. Mume wangu wa zamani alikuwa akisema kuishi na mimi ni kuishi jirani na mashine ya kusaga. Tulipoachana nilibaki kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili nyuma ya stendi, na nikaapa kwamba nyumba nitakayohamia tena itakuwa yangu.

Kilichonifanya niharakishe ni ukuta. Masika iliyopita ukuta wa jiko la mama kule Kurui uliporomoka asubuhi, dakika chache baada ya yeye kutoka kuanua kuni. Anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Jirani alinipigia simu akisema mama yako mzima, usiwe na wasiwasi, na tangu siku ile kila mvua iliyonyesha usiku ilinikuta macho. Nilitaka mama awe kwangu kabla ya masika nyingine. Hilo tu. Alikataa, akakataa tena, mwisho akasema atakuja kwa sharti moja: nyumba aione kwanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kibaha, kwenye mradi mpya ulio ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Morogoro. Nyumba zote zimefanana, bati la rangi ya damu ya mzee, baraza ndogo mbele, na udongo mwekundu ambao bado una alama za matairi ya malori. Aliyekuwa akiuza ni kijana wa mauzo mwenye suti ya kubana na viatu vyenye ncha, mwenye adabu mpaka unamshuku. Kwa majuma kadhaa nilimkalia kooni. Nilitaka grili za madirisha zisiwe za malipo ya pembeni, akakubali. Nilitaka tangi kubwa la maji na mnara wake, maana kule maji ya bomba huja yanapojisikia. Alilalamika, akapiga simu kwa wakubwa zake, akakubali. Halafu nikataka vigae vya bafuni vibadilishwe, viwekwe vile vya kukwaruza visivyoteleza.

Hivyo vigae vilikuwa vya baba. Alipougua sukari nilimleta kwangu Mlandizi pamoja na mama, awe karibu na matibabu. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Siku moja alianguka chooni, akavunjika nyonga. Alirudishwa Kurui amebebwa, na hakutembea tena mpaka tulipomzika. Nililaumu vigae vile vyeupe vya mwenye nyumba wangu, vilivyokuwa vinang'aa kama sahani. Kwa hiyo kijana wa mauzo aliposema vigae vya kukwaruza havipendezi, nilimjibu kwa namna ambayo hakurudia tena neno hilo.

Mama alikuja kuiona nyumba akiwa amevaa baibui lake la safari. Kijana alimwamkia shikamoo akiwa ameinama, mama akamwitikia marahaba, akaanza kuzunguka. Aligonga milango. Alifungua madirisha, akayasifia. Aliingia kwenye chumba kitakachokuwa chake, kikiwa na choo chake humo humo, akakaa mle kitambo, akatoka akauliza jua la jioni linapiga wapi. Alipanda baraza, akashuka, akasema nyumba ni nzuri, hongera mwanangu. Njia nzima mpaka stendi hakuongeza neno. Kesho yake nililipa pesa ya kushikilia nyumba, ambayo kwa masharti yao hairudi, na nilijiona mwanamke mwenye akili.

Siku ya kusaini tulikwenda wote wawili. Ofisi yao ilikuwa sebule ya nyumba ya kwanza pale mradini, meza katikati, feni juu, harufu ya rangi mbichi. Barazani walikaa mume na mke waliokuja kuulizia nyumba, na kijana alihakikisha tumewaona. Akanikumbusha pia kwamba ofa ya mwezi inaishia siku hiyo, ikipita jioni bila sahihi hata zile nyongeza nilizopewa zitakuwa mjadala mpya. Nilisoma mkataba kifungu kwa kifungu. Grili zilikuwemo, tangi na mnara vilikuwemo, vigae vilikuwemo. Nikachukua kalamu.

Ndipo mama alipoweka mkono wake juu ya karatasi, taratibu, akamtazama yule kijana.

"Bei tumeshakubaliana, mwanangu," akasema. "Sasa nipe nyongeza yangu. Kile choo cha chumbani kwangu mkigeuze."

Kijana alidhani hakusikia vizuri. Mama akamweleza bila haraka. Ukikaa kwenye sinki la choo kile unaelekea kaskazini, na kaskazini ndiko kibla. Yeye hawezi kujisaidia akiwa ameielekea kibla, wala akiwa ameipa mgongo. Waligeuze sinki litazame mashariki au magharibi, watakavyoona wepesi, naye atakuwa ameridhika. Akaongeza kwamba wasipoligeuza, nyumba ni nzuri na anawaombea kheri, ila yeye atabaki Kurui.

Nilimuuliza mbona siku ile hakusema, wakati pesa ilikuwa bado mkononi mwangu na kijana huyu alikuwa tayari kunibebea mkoba. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kulia. Ningesemaje siku ile, akasema, wakati bei ilikuwa bado.

Nilimwelewa papo hapo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa amekitaka kitu kimoja tu katika nyumba nzima, na kwa sababu alikitaka kuliko vyote hakukitazama mara mbili. Alisubiri mzigo uingie kapuni. Sokoni Kisarawe muuzaji angecheka, angeongeza. Hapa muuzaji alikuwa ameshashika pesa isiyorudi, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Kijana, nimpe haki yake, hakumdharau. Alisema na yeye ni Muislamu, na kwake anakopanga choo kimeelekea huko huko. Mama akamwambia basi tuombeane. Akajaribu njia nyingine. Alisema nyumba zote zimejengwa kwa ramani moja, kuligeuza sinki ni kuvunja sakafu na kuhamisha bomba la maji machafu, na akimfanyia mmoja kesho watakuja wote. Badala yake alikuwa tayari kuongeza jiko la gesi. Mama akakataa. Akaongeza mawe ya kutandika uani. Mama akasema uani anataka kupanda mchicha. Akataja king'amuzi na dishi lake, na hapo nilitaka kucheka kwa hasira, kwa sababu majuma mawili nyuma nilimwomba king'amuzi hicho hicho akaniambia haiwezekani kabisa.

Akatoka kwenda kupiga simu. Kupitia dirishani nilimwona akitembea huku na huku kwenye udongo mwekundu, mkono kiunoni. Wale mume na mke barazani walikuwa wamesimama sasa, mume akipima upana wa dirisha kwa shubiri, kana kwamba sisi tumeshaondoka. Nilimwambia mama kwa sauti ya chini kwamba tuko karibu kupoteza nyumba na pesa. Nikamwambia Mwenyezi Mungu anatazama nia, hatatuuliza sinki. Hilo halikuwa neno la kumwambia mama mtu mzima, na lilipotoka nilitamani kulirudisha, lakini nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Kijana akarudi akiwa anafuta jasho. Wakubwa wamekubali, akasema, kwa sharti. Gharama ya kuvunja na kuhamisha bomba ni sawa na ile ya tangi na mnara. Tuchague kimoja. Tangi, au choo. Na tuchague sasa, maana wale wageni wa barazani hawana masharti.

Nilifanya hesabu kichwani kwa kasi. Nyumba bila tangi maana yake ni madumu, ndoo, kuamka alfajiri kusikilizia bomba. Nilikuwa nimeishi hivyo maisha yangu yote na nilikuwa nimechoka. Tangi lile nililipigania wiki tatu. Choo mtu angeweza kukigeuza baadaye, nikipata nafuu, mwaka kesho au ule mwingine. Nikasema tangi.

Mama alisimama. Hakununa. Alimshukuru kijana kwa muda wake, akasema anatoka kupunga upepo, na mimi nisaini tu, nyumba ni yangu. Alipita katikati ya wale mume na mke akiwaamkia, akashuka baraza na kuanza kutembea kuelekea barabarani na mkoba wake wa ukindu, polepole, kwa ile nyonga yake ya kulia inayomsumbua.

Nilimfuata. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na nilimwambia mambo kadhaa njiani ambayo sitayaandika. Nilimwambia ukuta ulimkosa kwa dakika chache tu. Nilimwambia anataka afie Kurui peke yake kwa ajili ya sinki. Alisimama kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya umeme, akanisubiri nimalize, kama anavyomsubiri mteja mwenye kelele.

"Baba yako hakuteleza," akasema.

Nilimwomba arudie. Akaniambia. Walipofika kwangu Mlandizi, baba alimuuliza kibla iko wapi, mama akamwonyesha, na baba akaona choo kimeielekea. Tangu siku hiyo alikaa upande. Alikaa kwenye ukingo wa sinki, amejipinda kama mwanamke aliyepakiwa bodaboda, mguu mmoja unaning'inia, mkono ameshika ukuta. Mtu ambaye miguu yake ilikuwa haisikii. Mama alimsihi amwambie mtoto. Akakataa, na akamkataza na yeye. Mgeni hachagui choo, alimwambia, na huyu mtoto amepanga, tutamgombanisha na mwenye nyumba wake. Siku ile aliyoanguka, mkono ulichoka kushika ukuta.

"Kwa hiyo mimi nikija kwako nitakaa upande," mama akasema. "Najijua. Na wewe utakuwa shuleni."

Sikulia pale. Nililia baadaye, siku nyingine, darasani, nikiwa nasahihisha. Pale barabarani nilichukua mkoba wa ukindu kutoka mkononi mwake, tukarudi. Mume na mke walikuwa wameshaingia ndani wameketi kwenye viti vyetu, na kijana alikuwa ameanza kuwafunulia ramani. Niliwaomba radhi, nikawaomba wainuke. Sijui walichokiona usoni mwangu, lakini waliinuka.

Nikamwambia kijana afute tangi. Nikamwambia aandike choo, kwa wino, kwamba sinki la chumba cha mama litatazama mashariki, na vigae vya kukwaruza virudishwe sakafu ikishavunjwa. Mama akasema nyongeza haiandikwi, ni kumtusi mtu. Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akaandika. Nikasaini.

Mama alihamia kabla ya masika, na kuku wanne na mbegu za mchicha zimefungwa kwenye kipande cha khanga. Kabla hajafungua mizigo aliingia chooni, akakaa juu ya sinki na baibui lake, mlango wazi, mikono juu ya magoti, miguu yote miwili chini. Nilikuwa mlangoni na ndoo mbili nilizotoka kuzijaza kwa jirani mwenye tangi. Alikaa vile muda mrefu akiutazama ukuta wa mashariki, halafu akasogea kidogo pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake.

"Hapa angekaa sawa," akasema.

Nikaweka ndoo ya kwanza ndani, nikarudi kuchukua ya pili.