Njau Aliuliza Yote Isipokuwa Maua

Mume wangu Njau ni mtu wa kuuliza. Simsengenyi, hata yeye anajua. Ukimtuma dukani kununua maziwa, atarudi baada ya saa nzima na habari za ng'ombe: anakamuliwa wapi, na nani, na kwa nini siku hizi pakiti zimebadilishwa rangi. Maziwa yenyewe pengine amesahau. Kule kazini kwake Thika, kwenye kiwanda cha kubangua makadamia, wamempa jina la Kwani, kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila neno hilo. Kwani mashine inajuaje njugu hii ni mbovu? Kwani zamani walikuwa wanabangua na nini? Mimi nilimpenda kwa hilo hilo, wacha niseme ukweli. Siku ya kwanza tulipokutana aliniuliza maswali mpaka chai yangu ikapoa, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kutaka kujua mambo yangu hivyo.

Mimi ni Maggie. Nashona mapazia hapa Ruiru, na Desemba ni msimu wangu, maana kila mama anataka madirisha yapendeze kabla wageni hawajafika. Futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu, hata kanisani nimewahi kwenda nayo. Baba yangu, Mzee Makau, alikuwa dereva wa lori, na alitulea kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Shamba nililijua kwenye vitabu vya shule. Hilo ndilo lililoniponza.

Binti yetu ni Kui, miaka mitano. Jina lake kamili ni Wanjiku, jina la mama yake Njau, kwa sababu kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba. Jina la cucu, yaani nyanya yake, mdomo wa babake. Nikiwa nao wawili mezani, mimi hula chakula nikiwa kimya kama mgeni.

Basi kila Desemba, Jumapili, Njau hututoa. Jumapili ya kwanza mwaka jana alitupeleka kuona ule mti wa taa kwenye jumba la maduka hapa Ruiru. Watu wengine walikuwa wanapiga picha. Wangu alikuwa amepiga magoti akitafuta waya umechomekwa wapi, na askari wa mlangoni amesimama juu yake. Kui naye anataka kujua mti unalala saa ngapi. Jumapili ya pili tukaenda Thika kununua nguo za Krismasi. Kui alitaka gauni la njano, akakataa jekundu katakata, akala chipsi, akabembea mpaka akatapika. Tulirudi tumefurahi sana.

Jumapili ya tatu tukaenda Theta.

Kule Theta kuna shamba la babu yake Njau. Nusu ilikuwa ya marehemu baba mkwe na sasa ni ya mama mkwe, ambaye anaishi Murera, na nusu ni ya Muigai, baba mdogo wa Njau, ambaye amejenga kule mwisho kabisa. Hawa wawili hawakuwa wanaongea. Walikosana siku ya mazishi ya baba mkwe, juu ya kaburi likae upande gani, na tangu hapo ilikuwa miaka sita hakuna salamu. Wakikutana kanisani, mmoja anaangalia dari.

Mpango ulikuwa tupitie shambani, halafu jioni tule kwa cucu Murera. Lakini tulipofika tu, kwenye ploti ya jirani kulikuwa na watu wanachimba kisima kwa mashine, hata Jumapili hawakupumzika. Njau alisimama kama amepigwa na stima.

"Nakuja, Mami Kui. Dakika mbili tu."

Dakika mbili za Njau nazijua. Nikabaki na Kui katikati ya shamba, jua kali, hakuna mtu. Muigai alikuwa kanisani. Ndipo nikayaona maua. Haki yalikuwa mazuri! Meupe, makubwa, yana mistari ya waridi ndani, yamesimama kwa mstari mmoja kutoka barabarani mpaka kwenye ua wa ng'ombe. Tisa. Nikajiambia, haya yameota tu hapa shambani, hakuna anayeyaangalia, na balkoni yangu iko tupu, na Krismasi ndiyo hiyo. Nikachukua panga kwenye kibanda cha mahindi. Mimi nachimba, Kui anavuta. Chini yana kitunguu kikubwa, cheupe, kinateleza. Tulicheka sana siku hiyo tukiyajaza kwenye gunia. Na kwa sababu mimi ni mtu wa usafi, nilifukia kila shimo, nikakanyaga, nikasawazisha vizuri usijue palikuwa na kitu.

Njau aliporudi akiwa na matope mpaka magotini, Kui alimkimbilia. "Baba, tumechimba vitunguu!"

"Eeh? Na wale wamechimba mita mia moja na themanini na bado!"

Hakuuliza kuna nini kwenye gunia. Kwa matope yale hatukupita tena kwa cucu. Akalibeba mwenyewe mpaka Ruiru, akinieleza habari za mawe ya chini ya ardhi.

Niliyapanda kwenye makopo ya rangi, nikayafunga zile nyuzi za kumetameta. Balkoni ikapendeza mpaka majirani wakainua macho. Usiku huo mvua ikanyesha, na ya kesho yake pia.

Alhamisi jioni simu ikalia. Njau akaiweka spika, kwa sababu alikuwa anakata sukuma wiki.

"Njau!" Mama mkwe alikuwa anahema. "Muigai ameng'oa mpaka!"

"Kwani mpaka unang'olewaje, mama?"

"Matoka! Matoka yote tisa! Na ameleta vibarua wakalima juu yake, hata shimo moja huoni. Anataka kuiba ardhi ya marehemu. Nimeshaita wazee wa ukoo, tarehe ishirini na nne asubuhi. Mara hii atanitambua."

Kisu cha Njau kilisimama. Alifurahi, mnisamehe, huyo mtu alifurahi kupata jambo la kuchunguza. Akavuta karatasi. "Mama, matoka yanakaaje? Mimi nimekulia mjini, Makongeni, hayo sijayaangalia vizuri."

Mama akaanza kueleza. Majani mapana, marefu. Ua jeupe lenye mistari ya waridi. Kitunguu chini. Wazee waliyachagua kwa sababu hayafi, hata kiangazi kikiyakausha yanarudi pale pale, kwa hivyo huwezi kumdanganya mtu kuhusu mpaka. Kila neno lilinigonga kifuani. Nilikuwa nimekaa naangalia balkoni, makopo tisa, nyuzi zinametameta. Ngai! Si mwizi ni mimi?

Ningesema hapo hapo. Najua. Lakini nilimwogopa mama mkwe. Miaka saba nimejitahidi asiseme kwamba mwanawe alioa msichana wa fleti asiyejua jembe, na leo nikamwambie nimeng'oa mpaka wa mume wake nikaufunga nyuzi za Krismasi? Nilinyamaza. Siku mbili nilishona mapazia ya watu upande upande, mteja mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Jumamosi asubuhi Njau alikuwa mezani na ule mchoro wake. Alikuwa ameupaka rangi na kalamu za Kui, akaandika pembeni: nani? lini? kwa nini? Kui akapanda kiti, akaangalia.

"Baba amechora maua yetu."

"Maua gani, mami?"

"Yale," akasema, akaonyesha kwa kijiko.

Njau aligeuka. Aliangalia balkoni muda mrefu, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na swali. Nililia, nikamweleza yote, nikasema nisamehe, sikujua, woiye sikujua. Alinishika mabega. Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka, nikadhani naye analia, kumbe anacheka.

"Nililibeba mimi mwenyewe hilo gunia!" akasema. Akajifuta macho. "Sikia. Twende leo tuyarudishe kimyakimya. Watayakuta yamesimama, kesi imeisha."

Nilitamani sana kukubali. "Tutayarudisha wapi, Njau?"

"Pale yalipokuwa."

"Pale ni wapi? Nilifukia, mvua ikanyesha, vibarua wa Muigai wakalima bila kuona mstari. Mimi nikikosea inchi moja kwa pazia, dirisha zima linaonekana limepinda. Hapa nikikosea futi moja, nitakuwa nimeiba kweli. Nimuibie nani sasa, mamako au Muigai?"

Akakuna kichwa. Tulijua sote wawili. Nikinyamaza, Muigai, mzee wa watu, ataitwa mwizi mbele ya ukoo mkesha wa Krismasi, na hao wawili hawataongea tena mpaka wazikwe. Nikisema, mwizi ni mimi. Niliamua nitasema.

Tarehe ishirini na nne tulifika Theta saa nne. Wazee walikuwa watatu, na mkubwa wao, Mzee Mburu, alikuwa na haraka kwa sababu mbuzi wake alikuwa amefungwa sokoni anamngoja. Mama amesimama upande wake, amefunga kitambaa cha kanisa kichwani, na thamosi ya chai chini, aliyowaletea wazee. Muigai upande wake, mikono nyuma, mwembamba, kofia chini ya kwapa. Hawakuangaliana.

Mama alikuwa ameanza kushtaki. Nikapita katikati nikiwa na kopo la kwanza, nikaliweka chini. Njau akaleta mengine. Yalipofika tisa, Mzee Mburu akayahesabu kwa kidole.

"Mama," nikasema, "baba Muigai hana makosa. Ni mimi. Niliona ni maua tu. Nilitaka balkoni ipendeze."

"Wewe?" Mama alinikazia macho. "Maggie, wewe?"

"Ni mimi, mama."

Sauti yake ilishuka. "Na mimi nimeshawaambia akina mama wote wa kanisa kwamba Muigai ni mwizi."

Nilingoja Muigai anitukane. Alikuwa na haki hiyo. Akainama polepole, akaingiza kidole kwenye kopo moja.

"Umekuwa ukiyamwagilia maji?"

"Kila asubuhi, baba."

"Ndiyo maana yamenenepa," akasema. Akaufungua ule uzi, akaukunja vizuri, akampa Kui.

Mzee Mburu akaangalia saa. "Sasa mpaka ulikuwa wapi? Kuna hati? Kuna picha?"

Hati ilikuwa moja tu, ya babu yake Njau, haijawahi kugawanywa. Picha sikuwa nimepiga, na siku hiyo nilijilaumu, mimi ninayepiga picha hata mandazi. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja anasema waje wapimaji, mwingine anasema baada ya mwaka mpya.

"Kwani," Njau akasema, nikafumba macho, "kila mmoja akisimama pale anapokumbuka, mtasimama wapi?"

Mama akamwangalia mwanawe, kisha akageuka, akatembea shambani, viatu vyake vya kanisa vinazama udongoni. Alitembea kidogo, akasimama mapema kuliko nilivyotarajia, akaangalia barabara, mgongo kwa Muigai. Alikuwa amesimama ndani ya maharagwe yake mwenyewe.

Zamu ya Muigai. Mama hakuwa anamwona, na ametoka tu kumwita mwizi. Muigai angeweza kuja mpaka amguse mgongo, aseme ni hapa, na nani angebisha? Alianza kutembea kutoka upande wake, polepole. Halafu akasimama. Akavaa kofia. Hakusogea tena.

Mama alisikia hatua zimeisha, akageuka. Katikati yao kulikuwa na udongo mtupu.

Sijui kwa nini, lakini nilivua futi shingoni nikapima. Labda mikono ilitaka kazi. Mita mbili na robo. Upana wa kitanda cha watu wawili na nafasi ya kupita. Nilisoma kwa sauti, nikarudia mara ya pili, kwa sababu miaka sita hawa watu wameogopa kuibiwa, na sasa kuna ardhi hapa ambayo hakuna anayeitaka.

Kui akakimbia akasimama pale katikati na gauni lake la njano, uzi unametameta mkononi.

"Hapa ni kwa nani?"

Mzee Mburu aliangalia viatu vyake. Njau akafungua mdomo, nikamkanyaga kidole cha mguu kwa nguvu zangu zote.

Mama alikuwa ameinama, anavuta ncha ya kitambaa chake, kumbe anafuta macho. Alipoinuka alimwangalia shemeji yake usoni.

"Muigai, umekunywa chai?"

"Bado," akasema. "Miaka sita bado."