Utumbo wa Mama Germaine na Kampuni ya Puto

Mama Germaine alikuwa ananuka. Hilo tuliweke wazi mapema, maana yeye mwenyewe hakulificha. Kashikishi nzima, kuanzia pale mitumbwi inaposhusha samaki mpaka kwenye barabara ya kwenda Nchelenge boma, watu walijua amefika kabla hajabisha hodi. Kanisani alikuwa na benchi lake peke yake, na si kwa heshima. Lakini watoto watatu walikula na kusoma kwa harufu hiyo. Mkubwa, Ilunga, alikuwa anasomea ualimu Mansa, na katika barua zake zote za kuomba pesa hakuna hata moja iliyolalamika kwamba noti zinanuka.

Alivuka ziwa mwaka wa tisini na moja kutoka Kilwa, upande wa Kongo, pamoja na mume mchuuzi wa samaki. Mume alikaa miezi minne, akaaga kwamba anakwenda Likasi kununua nyavu, na miaka sita baadaye alikuwa bado anazinunua. Germaine akabaki na watoto, kisu kimoja, na shemeji yake Valère, ambaye kwa faida ya nyumbani alikuwa chini kidogo ya kisu.

Kazi aliyoipata ni ile ambayo wengine waliikimbia. Desturi ya ufuko ule ni kwamba anayepasua samaki halipwi: anachukua kilichomo ndani. Wachuuzi wakabaki na samaki wao safi wa kukausha, Germaine akaondoka na ndoo za utumbo. Aliuchemsha, akaengua mafuta, akayachanganya na soda kali aliyoifuata ng'ambo, akapata sabuni ya kahawia iliyotoa grisi ya injini, madoa ya damu na, ukizembea, ngozi.

Mwanzoni hakujua mambo ya soda. Aliipikia ndani ya sufuria ya alumini, zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe. Soda ikaivamia ile sufuria: chiiii, povu, joto bila kuni, mvuke unaokwaruza koo. Kufika asubuhi sufuria ilikuwa na tundu la kupitisha kuku.

"Mama-mukwe hakupenda nipike," Germaine aliwaambia majirani. "Sasa hata sufuria yake imekataa."

Akahamia kwenye pipa la chuma. Kwenye mabaki ya sufuria akawawekea bata wake maji, upande usio na tundu.

Basi, Oktoba ya mwaka tisini na saba, mwaka ambao nchi yake ilibadilishwa jina bila yeye kuulizwa, akaja Kingsley. Alikuwa na tai, viatu vya ncha na pikapu nyeupe. Alitoka Lusaka, na Kiswahili alikiokota mpakani Kasumbalesa alipokuwa akiuza magodoro. Sasa alikuwa anauza kitu chepesi zaidi: hisa, ambazo kando ya ziwa wote waliziita masheya, za kampuni inayoitwa Nuru Haidrojeni. Kampuni hiyo, alisema, inachukua uchafu, inautoa gesi iitwayo haidrojeni, nyepesi kuliko hewa, na gesi hiyo itaendesha injini, itawasha taa, itagandisha barafu ya samaki.

Alionyesha pale pale mchangani, wiki ambayo Germaine alikuwa ng'ambo kufuata soda. Alitia utumbo ndani ya jerikeni, akaongeza dawa ya siri kutoka kwenye kopo la maziwa, akavisha puto jekundu mdomoni. Puto likavimba. Alipolifunga na kuliachia, likapaa juu ya ziwa kuelekea Kongo, bila pasipoti wala hongo. Tangu saa hiyo Kashikishi haikuwa na akili tena.

Masharti yalikuwa mawili. Kila nyumba inunue masheya. Na kamati ya wavuvi itie sahihi kwamba utumbo wote wa ufuko ni wa kampuni kwa miaka ishirini.

Germaine alirudi na gunia lake la soda kichwani, akakuta hana kazi. Aliyempa habari ni Matildah, mchuuzi wa samaki wadogo wa chisense, huku akitafuna muwa.

"Miaka ishirini?" Germaine aliuliza.

"Ishirini. Lakini usilie, mama. Unaweza kununua masheya."

"Ya utumbo wangu?"

"Njo vile," Matildah alisema, akatema makapi. "Maendeleo."

Jumamosi wakakutana kanisani, kwa kuwa ndilo jengo pekee lenye bati na mabenchi. Kingsley alisimama mahali pa mchungaji. Germaine alikaa kwenye benchi lake, peke yake kama kawaida. Mtaji wake wote, ule utumbo, ulikuwa nje, mahali nzi wanapokutana, na siku hiyo ulikuwa unapigiwa kura.

Wa kwanza kusimama alikuwa Misheck, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, mwenye injini mbili ambazo moja ilikuwa inafanya kazi. Sigara ilining'inia mdomoni, kanisa au si kanisa.

"Ba Kingsley, nikinunua masheya kumi, mbasela ni ngapi?"

Mbasela ni ile nyongeza ambayo muuzaji anakutupia baada ya bei kukubaliwa. Kwenye ufuko huu hata sindano hainunuliwi bila mbasela.

"Sheya haina mbasela, mzee wangu," Kingsley alisema, akicheka. "Hii ni biashara ya kisasa."

Hakuna mwingine aliyecheka. Mtu mmoja alichukua kofia yake. Wengine wawili wakaanza kutafuta ndala zao chini ya benchi.

"Mbili!" Kingsley akasema haraka. "Ukinunua kumi, mbasela mbili!"

Makofi. Germaine hakupiga. Alikuwa amepasua samaki wa wachuuzi muda wa kutosha kujua kwamba anayetoa mbasela mbio hivyo ana samaki wa juzi.

Matildah naye akasimama. "Miye nataka kuchagua zangu. Sitaki zile za chini ya kitunga."

"Mama, sheya zote ni sawasawa."

"Hivyo njo ninaambiaka wateja wangu." Kanisa likaangua kicheko. "Na zinazaa lini?"

"Kila mwisho wa mwaka kampuni inagawa faida."

"Mwaka! Baba, kintu nilichonunua asubuhi kinaoza saa kumi, weye unaniambia mwaka?"

Hapo akainuka shemeji Valère. Valère alikuwa shemasi wa kanisa hilo hilo, mtu wa shati lililopigwa pasi na mifuko mitupu. Kingsley alikuwa amemuahidi cheo cha Directeur, yaani mkurugenzi, wa Malighafi, na tangu hapo alikuwa anatembea kama mtu aliyemeza fimbo.

"Bandugu," alisema, "franchement, kusema kweli, tusikuwe batu ba nyuma. Kule Ulaya batu banaendesha motokari na mavi ya ng'ombe. Shiye tuko na utumbo! Mungu alitupa utumbo, shiye tunautupa!"

"Nani anautupa?" Germaine aliuliza kutoka nyuma.

Shingo zote zikageuka, kisha pua zote zikarudi mbele.

"Shemeji," alisema Valère kwa sauti ya kuzika, "hapa tunaongelea maendeleo."

"Miye ninaongelea chakula, ile unakulaka kila siku kwangu. Miaka sita ninapasua samaki wa batu bote hapa. Utumbo ukienda kwa kampuni, miye nitapasua nini? Weye?"

"Uko na wivu, bamayo," Misheck akasema, lakini kwa upole, maana ovaroli yake ya injini ilikuwa inafuliwa kwa sabuni ya mwanamke huyo. "Wivu wa utumbo. Mwandi, jamani, nilikuwa sijauona bado."

Wakacheka mpaka bati likaitikia. Kingsley aliona upepo uko upande wake, naye hakuwa mtu wa kuuacha upite. Akaitisha jerikeni. Atawaonyesha tena, alisema, kisha watu watie sahihi.

Akamimina utumbo, konzi mbili tu. Akafungua kopo lake la maziwa, akatia chembe nyeupe. Akageuka kidogo, kama mtu anayepiga chafya, mkono wake ukaingia mfukoni na kutoka, na kitu kikalia ndani ya jerikeni: ting, ting. Akaongeza maji, akavisha puto.

Chiiii.

Germaine aliijua sauti hiyo. Ilikuwa imemgharimu sufuria ya harusi. Alisimama, akapita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha kwa sababu zao, akaweka kiganja kwenye ubavu wa jerikeni. Ilikuwa ya moto kama chungu cha bukari, ugali wa kwao. Akainamia mdomo wake. Koo likakwaruza.

"Ba Kingsley," alisema, "utumbo unachemka bila kuni tangu lini?"

"Ni ile dawa, mama. Ni siri ya kampuni."

"Fanya tena bila utumbo."

"Haiwezekani. Gesi inatoka kwenye uchafu."

"Basi ngojeni."

Akatoka. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kanisani. Upepo ukigeuka, kwaya ilikuwa inaimba kwa ufupi. Alimwaga maji ya bata, bata wakamtukana, akavunja ukingo wa ile sufuria ya mama mkwe kwa shoka. Akachukua soda, chupa tupu ya bia na maji, akarudi. Kingsley alikuwa tayari anapokea pesa na kugawa kalamu.

Germaine akapanga vitu vyake mbele ya kamati. "Misheck, zima sigara, usije ukafika mbinguni kabla ya mukutano kwisha. Muone bote: soda ya sabuni. Kipande cha sufuria. Maji. Utumbo uko wapi? Hakuna."

Akatia soda, maji na vipande. Chupa ikaanza: chiiii. Halafu akatazama mikono yake na kugundua upungufu.

"Sina puto," alisema. "Nani ana kapote?"

Hapo ni kanisani. Mwaka ule kliniki ilikuwa inagawa kondomu kama mchungaji anavyogawa trakti, lakini hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuiona moja, ukiwauliza wenyewe. Wanaume walisoma sakafu. Wanawake waliwasoma wanaume.

"Gesi inapotea," Germaine alisema.

Shemasi Valère akakohoa. Akaingiza vidole katika mfuko wa shati lake lililopigwa pasi, mfuko wa upande wa moyo, na kutoka na kipakiti kidogo.

"Walinipa kliniki," alisema. "Sikukataa, kwa adabu tu."

"Mungu akubariki, shemeji," Germaine akasema, akaivisha chupani.

Ikavimba. Haikuwa na rangi nzuri kama puto la kampuni, lakini kwa ukubwa ililishinda. Germaine akaifunga kwa uzi wa nyavu na kuiachia. Ikapaa taratibu, ikapita juu ya mwenyekiti, juu ya Directeur wa Malighafi, ikagusa bati na kukaa pale, ikitikisa kichwa.

Kisha Germaine akainua jerikeni ya Kingsley, akatoa puto, akamwaga kilichomo kwenye sakafu ya mbele. Vikatoka vipande vya sufuria vilivyotafunwa na ute wa kijivu wenye povu. Akaugusa kwa ncha ya kidole, akausugua na maji, akanusa.

"Sabuni," alitangaza. "Mafuta ya utumbo na soda, inatoa sabuni. Lakini hii ni mubaya sana. Hii baba hana gesi. Ana kiwanda cha sabuni, na hajui kupika."

Kingsley alitafuta njia ya mlango. Misheck, ambaye nyumba yake ilishalipia masheya kumi na mbili pamoja na mbasela, alikuwa ameshatoka na kuketi juu ya boneti ya pikapu, na hakushuka mpaka kila mtu aliporudishiwa chake. Kingsley alilipa bila ubishi. Alipokuwa anafunga mkoba, akamsogelea Germaine na kumuuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, soda yako unaitoa wapi? Yangu ni bei kali."

"Toka," Germaine akamjibu.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Misheck aliporudi ndani alikuta watu hawajatawanyika. Walikuwa wanatazama bati. Naye akatazama, muda mrefu, kisha akamgeukia Germaine kwa macho yale yale aliyomtazamia Kingsley wiki nzima.

"Bamayo," alisema, "masheya yako ni ngapi?"

"Masheya gani?"

"Ya ile." Akaonyesha juu. "Yako imepanda vizuri kuliko ya kwake. Na weye tunakujua."

"Na mbasela?" mtu akauliza nyuma.

"Miye nataka kuchagua zangu," akasema Matildah.

Germaine akawatazama mmoja mmoja. Pesa zilikuwa bado mikononi mwao, zina joto. Ilunga alikuwa anahitaji viatu. Angeweza. Kwa dakika nzima, na hili yeye mwenyewe aliungama baadaye, alitamani kabisa.

"Mulisha kula sufuria yangu yote leo," alisema mwishowe. "Rudisheni pesa mufukoni. Miye niko na kampuni moja: mulete samaki, ninapasua, utumbo ni wangu. Nani anakataa, anyoshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Valère alianza, kwa mazoea ya uongozi, akakumbuka kilichoning'inia juu ya kichwa chake, akajikuna sikio.

Gesi hiyo haikai. Jioni, kwaya ikiwa kwenye ubeti wa pili, kile kitu kikashuka polepole kutoka batini, kimenyauka, kikatua juu ya ngoma. Kwaya ilimaliza wimbo bila ngoma.

Jumatatu Germaine alishuka ufukoni na kisu na ndoo. Mitumbwi ilikuwa imefika. Matildah, ambaye siku hiyo alikuwa amepata samaki wakubwa, akamsukumia beseni lililojaa, lakini mkono hakuuondoa kwenye ukingo.

"Mama Germaine. Ule utumbo."

"Una nini?"

"Tumefikiri. Ni kintu cha bei. Mutu ametoka Lusaka na tai kwa sababu yake." Nyuma yake wachuuzi wengine walikuwa wamesogea, na mabeseni yao. "Kila beseni, utupe kipande kimoja cha sabuni."

Germaine alisimama na kisu chake, ananuka, anawatazama. Miaka sita walimpa bure na kuziba pua.

"Nusu kipande," alisema.

"Nusu, na mbasela."

"Mbasela ni mukono wangu kwenye shavu lako. Leta beseni."

Matildah akaachia ukingo.

"Nusu nichague mwenyewe," alisema.

"Chagua," Germaine alisema, na kisu kikaingia kwenye samaki wa kwanza.