Blanketi Yenye Ilikunja Mikono

Mwana yangu, kuko siku moja ninaikumbuka mpaka leo, na jua yake, na kuku zake, na namna mie, mwanaume muzima, nilikimbia blanketi. Cheka tu. Hata mie ninachekaka, lakini muchana tu.

Wakati ile, inchi ilikuwa inabomoka. Kompani ya kufuma nguo ilifunga. Bantu balibeba masini, kisha malata ya paa, kisha milango. Bengine, benye asili ya Kasai, balifukuzwa mu mitaa yabo, bakakaa ku gare ya treni na mizigo, banangoja treni ya kurudia Kasai, kule hata kuzaliwa habakuzaliwa. Shule nayo ilifunga. Mie nilikuwa mu darasa ya tatu, troisième, mara ya pili, kwa hiyo siwezi kusema nililia.

Nilienda kufanya kazi kwa Tata Kasongo, muzee mwenye alifumaka miaka mingi mu ile kompani. Alijitengenezea masini ya mbao mu lupango yake, uwanja ya nyumba, mutaa ya Katuba. Pamba haikukuja tena, basi tulitafuta triko za zamani, zile sweta za baridi, tunazifumua, tunafuma blanketi. Uzi ya kushikilia ilikuwa ya makonge. Alilimaka makonge nyuma ya nyumba, anakwangua majani, anaanika. Vipande vifupi viliingia mu mito ya kulalia. Hakuna kitu ilitupwa. Leo bantu banakuja na makaratasi mazuri kutufundisha ile kazi. Mie ninabapigia mikono, ninakunywa Fanta yabo.

Tata Kasongo alikuwa na sharti mbili. Ya kwanza: muntu akileta triko, umuulize jina na kwenye ilitoka, uandike ku karatasi, ufunge ku ile uzi. Ya pili: uzi ya triko ikifumuliwa, inabakia imejipinda-pinda. Uiloweshe, uitundike na jiwe chini, siku tatu, mpaka inyooke.

"Ile uzi ilikaa ku mwili ya muntu," alisemaka. "Haijue kama ule muntu ameenda. Uipatie wakati."

Mie na akili yangu ya troisième mara mbili, niliona ni maneno ya wazee. Siku tatu ni mingi, na nilikuwa na musichana ku Kamalondo mwenye hakupenda kungoja. Karatasi? Niliviringia tumbako.

Siku moja Tata Kasongo alienda Kipushi ku kilio. Muntu akaniletea triko ya langi ya majani, ya kuuzisha. Niliifumua asubuhi, mangaribi nilikuwa nimeshaifuma mu blanketi, bila maji, bila jiwe. Nilijiona fundi.

Ile blanketi ilichukuliwa na Mama Ntumba, mama ya Kasai mwenye jirani balimuficha mu nyumba yabo. Bwana yake alitoka siku za fujo kutafuta bunga, hakurudia. Ndugu za bwana balisema amekufa, bakalishe kilio Siku ya Mungu, Jumapili. Yeye alikatala. "Sijaona mwili," alisema. "Sijaona hata kiatu."

Posho ile, njo Jumamosi, jua katikati, akakuja kuniita. Hakupiga makelele. "Kijana, kuja uone kazi yako."

Alikuwa ameifua ile blanketi, akaitandika juu ya majani ikauke. Na yenyewe ilikuwa imesimama, mwana yangu. Mistari ya langi ya majani ilijivuta, ikapandisha kifua. Ikatoa mabega. Mikono mbili ilikunjwa juu ya tumbo, sawa muntu mwenye kulala baridi. Mukono ya kushoto ilikuwa fupi. Hakukuwa upepo. Kuku zilizunguka kando, hakuna moja ilikanyaga.

Mie nilikuwa nimeshafika ku mulango ya lupango.

"Rudia," Mama Ntumba alisema. "Hakuna mwenye atakukula."

"Mama, ni maji. Uzi yenye haijanyooka, ikilowa inarudia..."

"Ile mukono ya kushoto ya triko, njo mie niliifupisha. Bwana yangu alivunjikaka ku mine, kwenye banachimba, mukono yake ikabakia fupi. Sikukuuliza mambo ya maji. Nani alikuletea ile triko?"

Nilitafuta sura ya ule muntu mu kichwa yangu. Mwanaume ao mwanamuke? Sikuangalia. Kama bwana yake mwenyewe njo aliileta, basi aliiuzisha apate kitu ya kula ku njia, na labda yuko muzima ku Kasai. Kama ni muntu mwingine, basi labda aliivua ku maiti yake. Ule mama alikuwa anangojea neno moja ku kinywa yangu, na ile neno nilikuwa nimeivuta moshi.

Tata Kasongo alirudia saa ile kutoka Kipushi, akatukuta pale. Aliangalia ile blanketi, akavua kofia.

"Ulimuzika?" akaniuliza.

"Hapana, Tata."

"Ulimupandisha treni?"

"Sijui, Tata."

"Hujui. Na yeye atapika ile 'sijui' yako, ao atailalia?"

Tulizunguka watatu, gare, soko, milango yote yenye nilipitia. Hakuna alikumbuka. Siku ya Mungu kilio ikakaa, Mama Ntumba naye akakaa mule, lakini hakukubali banyoe kichwa yake sawa ya mujane.

Aliniomba ile uzi. Niliifumua, nikailowesha, nikatundika na jiwe. Siku tatu, siku saba. Kila asubuhi jiwe nilikuta imepanda kidogo. Labda nilipima mubaya, hesabu haikunipenda. Mama Ntumba aliichukua hivyo, akafuma triko tena, mukono ya kushoto fupi, akaitundika ku mulango. Alikufa miaka mingi nyuma, na hakujuaka kama ni mujane.

Basi sikiliza shauri yangu. Nguo zenye bantu banachoka, uzichukue, uzifumue, uzifanye mupya. Lima makonge, usichome kitu mu moto yenye inaweza kuwa uzi. Ile ni kazi ya heshima, hata mie niliiweza. Lakini uulize ilitoka wapi, uandike, ulinde ile karatasi kuliko blanketi yenyewe. Na kitu yenye inaomba siku tatu, uipatie tatu.

Mungu akupatie mikono yenye haichoke na masikio yenye inauliza. Nguo zako zikauke kabla ya mvua. Na siku utapotea, kuwe muntu mumoja mwenye atasema: alipita hapa, nilimuona, jina yake njo hii.